Barua ya Wazi: Kikongwe Huanza Kuuawa Siku Anapotajwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria. Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalumu. Na Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Simiyu, Geita na Tabora.

Yah: Wanawake wazee wanaotajwa kuwa wachawi

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimefundisha katika vijiji vya Usukumani kwa miaka 31, nimefiwa na mume, ninaishi na wajukuu wawili, na kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nimepikia kuni au, kuni zinapoadimika, kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Nimeanza na haya yangu ili mfahamu kwamba siwaandikii habari za watu wa mbali. Mwanamke mzee, mjane, asiye na mwanamume ndani ya nyumba, mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi: hizo ndizo sifa ambazo huku kwetu zimewatangulia wanawake wengi kaburini, nami ninazo zote.

Ombi langu nitalitaja mapema, kisha nieleze sababu zake. Ninaomba Serikali ianze kuyashughulikia mauaji ya vikongwe siku mwanamke anapotajwa, siku ambayo bado yu hai na jina lake linapita midomoni mwa watu, kuliko kusubiri asubuhi ambayo gari la polisi huja kuchukua mwili.

Anayeyasoma mauaji haya gazetini huyaona kama radi. Usiku wa manane mlango unavunjwa, bibi anakatwa mapanga, wauaji wanatokomea, na kunapokucha hakuna aliyeona wala aliyesikia. Anayeishi kijijini anajua kwamba jambo hilo lilianza wiki nyingi, pengine miezi mingi, kabla ya usiku huo. Mtoto alifariki, au ng'ombe walikufa mfululizo, au mke wa kijana aliharibikiwa mimba kwa mara ya pili. Ndugu wakachanga fedha wakaenda kwa mganga, mara nyingi wa mbali ambaye hawatakutana naye kisimani wala mnadani, naye akapiga ramli. Aliye hodari katika kazi hiyo hamtaji mtu moja kwa moja. Husema kwamba adui ni mwanamke, kwamba yuko upande linakozama jua, kwamba ni mtu mnayekula naye, na kazi ya kumalizia jina huwaachia wenyewe. Wakirudi, wamerudi na jina. Kuanzia hapo mambo hupanda ngazi ambazo kila mwenye macho kijijini anaziona: watoto wanakatazwa kupita uani kwake, hapewi tena kaa la moto wala chumvi, akifika kisimani wenzake wananyanyua ndoo zao na kuondoka, kwenye msiba chakula alichokigusa hakiliwi. Wakati mwingine karatasi yenye vitisho hutupwa mlangoni ikimtaka ahame. Watu wa kukodiwa huja mwisho kabisa, na wanapokuja huikuta njia imekwisha kufyekwa.

Katika ngazi hizo zote, mwenyekiti wa kitongoji anajua. Mwenyekiti wa kijiji anajua. Mtendaji wa kijiji, ambaye ni mwajiriwa wa umma na ana ofisi yenye bendera, anajua pia, kwa sababu hakuna siri kijijini inayodumu siku tatu. Hata walimu tunajua, kwa kuwa watoto husema darasani yale ambayo wazazi wao huyanong'ona jikoni.

Nilipokuwa bado kazini, mama mmoja mzee aliyeishi jirani na shule yetu alikuja jioni moja akaniomba alale katika stoo ya shule, katikati ya magunia ya mahindi ya uji wa wanafunzi. Alikuwa ametajwa. Mtoto wa shemeji yake alikuwa amefariki, na waliotoka kwa mganga walikuwa wamekwisha kurudi. Alilala pale siku nne. Siku ya tano nilimsindikiza kwenye ofisi moja ya umma yenye dhamana ya usalama wa raia. Aliyetupokea hakuwa mtu mbaya. Alimpa mama kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama amepigwa, kama amekatwa, kama ana jeraha lolote la kuonesha. Mama akajibu kwamba hana. Akaambiwa arudi nyumbani awe mwangalifu, na kwamba kama mtu atamfanyia lolote basi aje kutoa taarifa. Tulipokuwa njiani aliniuliza, "Mwalimu, nikishakatwa, nitakuja kwa miguu ya nani?"

Sikuwa na jibu, na ndiyo maana ninaliandika swali lake hapa mbele yenu. Baada ya wiki moja alikwenda kwa binti yake katika mkoa mwingine, na msimu huohuo shamba lake la ekari tatu lilipandwa pamba na shemeji yake. Katika takwimu zozote za mauaji mama huyu hayumo, kwa sababu hakuuawa. Katika takwimu za dhuluma ya ardhi hayumo, kwa sababu hakushtaki. Wanawake wa namna yake, waliokimbia wakiwa hai, hakuna daftari lolote linalowaandika, nami naamini kwamba ni wengi kuliko waliouawa.

Waliouawa nao si wachache. Takwimu zilizokusanywa kuhusu miaka ya 1970 hadi 1984 zilionesha kwamba zaidi ya watu 3,600 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, wanawake wakiwa zaidi ya 2,200, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea huku Usukumani. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikadiria kwamba kati ya mwaka 2005 na 2011 watu wapatao 3,000 waliuawa kwa sababu hiyohiyo, wengi wao wanawake wazee. Baina ya hesabu hizo mbili kimepita kizazi kizima: tumejenga shule za kata, tumepata simu za mkononi, Mwanza imekuwa jiji, na bibi bado anakatwa. Mwezi Oktoba 2014 watu saba waliuawa kwa kuchomwa moto katika kijiji cha Murufiti, wilayani Kasulu, na miongoni mwa waliokamatwa alikuwamo mganga wa kienyeji. Mwezi Julai 2017 wanawake watano waliuawa na miili yao kuchomwa moto katika kijiji cha Uchama, wilayani Nzega. Watu watano hawauawi kwa pamoja na mtu mmoja mwenye hasira. Huo ulikuwa umati, na umati hukusanywa.

Sasa niseme juu ya sheria. Tunayo Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, iliyotungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1928. Ninaiheshimu sheria ya nchi, lakini nimeisoma mara kadhaa na kila mara ninaumia. Sheria hii inamfanya mkosaji mtu anayemtaja mwenzake kuwa mchawi, na hilo ni jema. Lakini sheria hiyohiyo inauchukulia uchawi kuwa kosa la kuchunguzwa, na inampa Mkuu wa Wilaya mamlaka ya kumwamuru mtu anayetuhumiwa kuhama kwake na kwenda kukaa mahali atakapoelekezwa. Maana yake ni kwamba mama yule wa stoo, kama angefikishwa kwa Mkuu wa Wilaya, angeweza kuondolewa kijijini kisheria, kwa muhuri wa Serikali, wakati waliomtaja wakibaki kulima shamba lake. Mwanakijiji anayeona Serikali ina utaratibu wa kumwondoa mchawi anajifunza nini? Anajifunza kwamba Serikali nayo inakubali kuwa mchawi yupo na kwamba anastahili kuondolewa. Tofauti inabaki kwenye njia ya kumwondoa tu. Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria, ninaomba mamlaka hayo ya kuhamisha watuhumiwa yafutwe, na kosa la kumtaja mtu litolewe kwenye kona ya sheria hii liwekwe mahali ambapo kila polisi na kila hakimu wa mahakama ya mwanzo atalikuta bila kulitafuta.

Siwaombi muwabadilishe watu imani kwa amri. Nimeishi na wanafunzi wangu na wazazi wao muda wa kutosha kujua kwamba imani haing'olewi kwa tangazo la redio. Lakini polisi hahitaji kuamua kama uchawi upo ndipo ajue kwamba kumtaja jirani kuwa mchawi, kumkataza asichote maji na kumtupia karatasi ya vitisho ni matendo yenye watendaji, yenye tarehe na yenye mashahidi. Matendo hayo yanaweza kuandikwa. Ndiyo maana ninaomba kila ofisi ya mtendaji wa kijiji iwe na daftari la watu waliotajwa, na kwamba mwanamke akitajwa, mtendaji alazimike kuandika ametajwa na nani, kwa sababu gani na baada ya tukio gani, kisha nakala ifike kwa polisi kata na kwa afisa ustawi wa jamii ndani ya saa 48. Waliomtaja waitwe, waandikishwe maelezo na waambiwe mbele ya mkutano wa kijiji kwamba likimpata lolote mama huyu wao ndio watakaoulizwa kwanza. Nimewahi kuona jambo hilo likifanyika mara moja, kwa hiari ya mtendaji mmoja kijana aliyekuwa na msimamo, na mwanamke yule hakuguswa. Mpango wa Taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ule wa MTAKUWWA ulioanza mwaka 2017, uliunda kamati za ulinzi hadi ngazi ya kijiji. Kamati hizo zipewe kazi hii, iandikwe katika majukumu yao kwa jina lake.

Kuhusu waganga ningependa kuwa mwenye haki. Sina ugomvi na mganga anayetibu kwa mizizi na magome, na kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inayomtambua na kumsajili. Ugomvi wangu uko na ramli chonganishi. Mwaka 2015, kufuatia mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli na katika muda mfupi ikakamata zaidi ya 200. Kwa miezi kadhaa tulipumua. Kisha msako ukaisha, kama misako yote inavyoisha, na wateja wakaanza tena kuulizana njia. Upande wa Kigoma wapo wanaoitwa kamchape, ambao huingia kijijini mchana kweupe kwa michango ya wananchi, huchimba uani kwa wazee, huibuka na pembe na vibuyu, na kumwacha mzee amesimama mbele ya kijiji kizima na "ushahidi" ambao hakuwahi kuuona maishani mwake. Michango hiyo hukusanywa kaya kwa kaya. Kiongozi wa kijiji anayeidhinisha mchango huo anapaswa kuwajibishwa kama anayeidhinisha silaha.

Ipo sababu moja ya msiba huu ambayo sijaisikia ikitajwa katika hotuba, nami nitakaa nayo kidogo kwa kuwa imenisumbua miaka mingi. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya nchi yetu yenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa wa selimundu, ambao wengi tunauita sikoseli. Ugonjwa huu hurithiwa kwa baba na mama wote wawili, ambao wenyewe wanaweza kuwa wazima kabisa. Mtoto huvimba vidole, hulia kwa maumivu usiku kucha, hupungukiwa damu, hupata nafuu, kisha siku moja hufa. Na katika nyumba hiyohiyo mdogo wake huugua vilevile, wakati watoto wa jirani wanacheza. Wazazi wanaona kifo kinachochagua nyumba yao. Wanauliza swali ambalo mzazi yeyote angeuliza: kwa nini sisi? Zahanati nyingi haziwapi jibu. Wanapewa mwili, na karatasi ambayo hawawezi kuisoma. Mganga wa ramli anawapa jibu siku hiyohiyo, lenye jina na lenye uelekeo wa nyumba. Nilifundisha watoto watatu wa familia moja waliokufa kwa namna hii ndani ya miaka sita. Bibi yao, mama mzazi wa baba yao, ndiye aliyetajwa.

Kwa hiyo ninaomba, kwa ushirikiano na wenzenu wa Wizara ya Afya, kwamba mtoto anapofariki katika kituo cha afya au zahanati, mhudumu awe na wajibu wa kukaa na familia na kuwaeleza kwa Kiswahili na, inapobidi, kwa Kisukuma, mtoto wao amekufa kwa nini. Kipimo cha sikoseli kwa watoto wachanga kifike vijijini. Dakika 20 za maelezo baada ya msiba zinaweza kuokoa mtu wa pili.

Jambo la mvua nalo lina ushahidi. Mtafiti Edward Miguel alichunguza vijiji vya wilaya ya Meatu, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2005 alionesha kwamba katika miaka ya ukame mkali au mafuriko mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi yalikuwa takribani mara mbili ya miaka ya kawaida. Waliouawa karibu wote walikuwa wanawake wazee, na wauaji mara nyingi walikuwa ndugu zao. Nilipoelezwa utafiti huo nilinyamaza, kwa sababu niliikumbuka miaka ya njaa niliyoishuhudia. Chakula kinapopungua, kinywa cha mzee huanza kuhesabiwa. Waheshimiwa, Mamlaka ya Hali ya Hewa hututangazia mapema msimu utakavyokuwa. Inapotangaza mvua za chini ya wastani katika mikoa yetu, wakuu wa wilaya hukutana kupanga mahindi ya msaada. Kikao hichohicho kipange pia ulinzi wa vikongwe. Na kama mzee angekuwa na fedha kidogo ya uhakika kila mwezi, angehesabiwa nyumbani kama nguzo. Zanzibar ilianza kuwalipa wazee wake wote wa miaka 70 na kuendelea pensheni jamii mwezi Aprili 2016, bila kuuliza kama waliwahi kuajiriwa. Sisi wa Bara tunaweza kuanza na wilaya ambazo damu imemwagika zaidi.

Ardhi nimekwisha kuigusa, lakini ina mzizi mrefu kuliko kisa cha mama mmoja. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 zinamnyima mjane sehemu ya urithi pale ambapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Wajane wawili wa kutoka Shinyanga walikwenda Mahakama Kuu kuzipinga; mwaka 2006 Mahakama ilikiri kwamba zinabagua lakini ikakataa kuzitengua, na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake ikaamua kwamba haki za wajane hao zilikiukwa. Mjane anayeishi juu ya ardhi ambayo kimila si yake ni kikwazo kwa mtu fulani, na neno "mchawi" ndilo njia nafuu kuliko zote ya kuondoa kikwazo hicho. Ninaomba kanuni zile zifutwe. Hati za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ziandikwe kwa jina la mjane, na mwanamke anapokimbia kijiji kwa kutajwa, shamba lake liwekwe chini ya ulinzi wa halmashauri ya kijiji hadi atakaporudi au kuamua mwenyewe, ili pasiwe na mtu yeyote anayevuna kutokana na kutajwa kwake.

Kuhusu macho mekundu sitasema mengi, kwa sababu dawa yake inajulikana. Shirika la MAPERECE la wilayani Magu liliwafikia wazee kwa majiko sanifu yanayopunguza moshi na kwa msaada wa kisheria miaka mingi iliyopita. Kazi ya shirika moja katika wilaya moja ingekuwa sasa imekwisha kuwa kazi ya halmashauri zote.

Najua mna mengi mezani. Najua pia kwamba mnapokuja vijijini kwetu mnapokewa kwa ngoma, na wanawake wazee huwekwa mstari wa mbele wakiwa wamevaa khanga mpya. Siku mtakapokuja tena, ninaomba muwaulize, faraghani na bila mwenyekiti kuwapo, ni nani kati yao ametajwa.

Mama yule aliyelala katika stoo ya shule alifariki ugenini kwa uzee, na binti yake alinipigia simu kunijulisha. Hakuzikwa karibu na mumewe kama alivyotaka. Shamba lake la ekari tatu bado linalimwa na shemeji yake, na binti anataka kulidai. Nimeulizwa ni ofisi gani aanzie, naye anasubiri jibu langu, nami ninasubiri la kwenu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Mkoa wa Shinyanga